Mgongo wa Nyuzi 51

Nina miaka 38, nina watoto wawili, na karibu kila Jumamosi alfajiri nakimbia na wenzangu wa klabu ya jogging kutoka Kinondoni hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Mgongo wangu umepinda kwa nyuzi 51. Naandika haya kabla ya kupasuliwa na kabla ya kuambiwa kwamba sitapasuliwa, kwa sababu huu ndio wakati ambao nilitafuta mtu wa kunisimulia nikamkosa. Aliyekwisha kuwekwa vyuma anasimulia vyuma vyake, na mzima hana cha kusimulia. Aliye katikati, anayekimbia kilomita 10 huku karatasi ya rufaa iko mkobani, anabaki na maneno ya watu.

Hali hii madaktari wanaiita skoliosisi. Pingili za uti wa mgongo huenda upande na wakati huohuo hujisokota, kwa hiyo mbavu za upande mmoja hutokeza nyuma, bega moja hupanda, na kiuno hubonyea upande mmoja kuliko mwingine. Ni tofauti na kibiongo cha kifua kikuu cha mgongo, ambacho humwinamisha mtu mbele baada ya vijidudu kula pingili. Na kwa kuwa ugonjwa huo upo kwetu, daktari makini huutafuta kwanza kabla hajasema lolote. Katika skoliosisi, kwa wagonjwa kama 8 kati ya 10 chanzo hakijulikani. Huanza mtoto anaporefuka kwa kasi, kuanzia miaka kama 10, na kwa wasichana mpindo huelekea zaidi kuongezeka kuliko kwa wavulana. Kubeba ndoo kichwani hakusababishi. Begi la shule kwenye bega moja halisababishi.

Hili la ndoo nimemrudia mama yangu mara nyingi. Alipoiona picha ya eksirei alianza kulia akikumbuka maji niliyokuwa nachota tulipokuwa tunaishi Mbagala, bomba likitoka usiku wa manane na mimi mtoto wa darasa la tano nikipanga foleni. Nikamshika mikono nikamwambia, "Mama, si ndoo. Na wala si wewe." Naliandika hapa kwa ajili ya mama wengine wanaojilaumu. Watoto waliobeba ndoo pamoja nami kwenye foleni ile wana migongo iliyonyooka hadi leo.

Wa kwanza kuliona jambo hili alikuwa fundi wangu wa cherehani pale Mwenge. Miaka yote alikuwa akinishonea gauni bega moja analipunguza na pindo la upande mmoja analishusha, halafu nikilivaa linakaa sawasawa. Siku moja akaniambia, kwa heshima kabisa, "Dada, umeongezeka tofauti. Zamani nilikuwa nashusha kidole kimoja, sasa nashusha viwili." Wiki hizo nilikuwa nimeanza kuumwa ubavu wa kulia, chini ya bapa la bega, kila nikimaliza mbio ndefu. Nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Akaniambia nisimame, miguu pamoja, niiname mbele mikono ikining'inia. Kipimo hicho alikieleza daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865, na hadi leo hakihitaji mashine wala umeme. Mgongo wa mtu ukiinama, mbavu zilizojizungusha hujionyesha zenyewe. Upande wangu wa kulia ulipanda juu kuliko wa kushoto kiasi kwamba hata mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, aliona.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda walinipiga picha ya mgongo mzima nikiwa nimesimama. Namba ikatoka: nyuzi 51. Daktari akatafuta kwenye bahasha yangu picha ya zamani, niliyopigwa nilipopata ajali ya bodaboda nikiwa na miaka 25, akaipima: nyuzi 40. Akaziweka zote mbili kwenye taa. "Unaona mwenyewe, inakwenda. Huyu ni wa kupasuliwa, na usichelewe." Akaandika rufaa. Nilitoka pale nikapanda mwendokasi, nikapitiliza kituo.

Jumapili yake tukakutana nyumbani kwa mama. Mjomba alisema India, na akaanza kutaja watu anaowajua waliokwenda wakarudi wazima. Shangazi alisema kuna mkandaji Bagamoyo ambaye amewanyoosha wengi. Kaka yangu alisema jambo ambalo kila mgonjwa wa mgongo Tanzania ameambiwa: "Ukiguswa uti wa mgongo, umepooza." Mama alisema tuombe, na tukaomba. Mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza mbele ya wote, "Wewe mwenyewe, mwili wako, unaumwa kiasi gani?" Nikafikiri. Nikasema naumwa kidogo, baada ya mbio ndefu tu, na nikilala usiku asubuhi naamka vizuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza hilo kabla yake, na hata hospitali hawakuniuliza.

Rufaa ilinipeleka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI, pale Upanga. Daktari bingwa wa mgongo niliyemkuta alizipokea picha zangu, akazitazama bila kusema kitu, kisha akauliza: "Hii ya ajali, walikupiga umesimama au umelala?"

Nililala. Nilikuwa nimeletwa na machela, ningesimamaje?

Akanieleza, na natamani kila mwenye mgongo kama wangu aelezwe hivi. Mtu akilala, uzito wa kichwa na mabega hauubani mgongo, na mpindo hupungua nyuzi kadhaa. Picha ya kulala na picha ya kusimama haziwezi kushindanishwa. Zaidi ya hapo, upimaji wenyewe hufanywa na jicho la mtu. Utaratibu wake uliwekwa na daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948: unachagua pingili ya juu iliyoinama kuliko zote na ya chini iliyoinama kuliko zote, unachora mstari kwenye kila moja, na pembe ya mistari hiyo ndiyo namba yako. Chini ya nyuzi 10 haihesabiwi kuwa skoliosisi. Madaktari wawili wakichagua mistari tofauti kidogo, namba zinaachana kwa nyuzi kama 5, na wote wako sahihi. Akachukua kipimapembe, akachora mbele yangu, akapata 49. "Yake 51, yangu 49. Hiyo ni namba ileile," akasema. "Kwamba leo uko kwenye hamsini, hilo nalijua. Kwamba mgongo wako unakimbia, bado sijaliona."

Sikuruka kwa furaha. Lakini kifua kilifunguka, maana kwa mara ya kwanza nilielewa kilichokuwa kinanisukuma kwenda chumba cha upasuaji haraka: tofauti ya picha mbili zilizopigwa kwa namna mbili. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa aliye kwenye hali yangu ni hili. Zitunze picha zako zote. Uliza ulisimama au ulilala. Ukiweza, upigwe mahali palepale, na kila picha mpya ipimwe kwa pingili zilezile zilizochaguliwa mwanzo.

Alinipima na vitu vingine ambavyo sikutarajia. Alinichora tumboni kwa ncha ya ufunguo, pande nne kuzunguka kitovu, akitazama kama misuli inashtuka sawasawa. Ikitofautiana, huenda kuna tatizo ndani ya uti wenyewe na lazima MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ifanyike. Alinigonga magoti. Alinitembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Alinituma nikapulize kwenye mashine ya mapafu, na namba zangu zilikuwa za mtu anayekimbia. Mpindo wa kifua huanza kuyabana mapafu vibaya ukifika mbali, nyuzi 80 hivi na kuendelea, ingawa mtu mwenye pumu au mvutaji sigara anaweza kuhisi mapema zaidi.

Kwa nini basi hamsini inatajwa kama ukuta? Hapa ndipo nilipokaa na daktari muda mrefu kuliko pengine popote. Huko Iowa, Marekani, madaktari waliwafuatilia kwa miongo watu ambao migongo yao ilipinda ujanani na hawakutibiwa. Waligundua kwamba mifupa ikishakomaa, mpindo ulio chini ya nyuzi 30 kwa kawaida hutulia, lakini mpindo wa kifua wa kati ya 50 na 75 huelekea kuongezeka karibu nyuzi 1 kila mwaka. Fanya hesabu. Mimi leo 38 na mgongo wa 50. Nikifika 60, kama mgongo wangu utafuata wastani huo, nitakuwa na mgongo wa nyuzi 70 na kitu, na mifupa ya bibi.

Watu haohao wa Iowa, walipotazamwa baada ya miaka 50 na matokeo kuchapishwa mwaka 2003, wengi walikuwa wamefanya kazi, wamelea, na wanaishi maisha yao. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu yalikuwa kwa asilimia 61 yao, wakati kwa wenzao wenye migongo ya kawaida ilikuwa asilimia 35. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Ya kwanza inatisha mpaka uione ya pili, maana hata watu walionyooka zaidi ya theluthi moja wanaumwa mgongo. Na wapo waliopinda ambao hawaumwi.

Basi uamuzi wangu uko hivi, na ndicho kitu kimoja ninachotaka msomaji akielewe. Upasuaji huu kwangu leo hauna maumivu makubwa ya kuondoa, hauna pumzi ya kurudisha, hauna miguu ya kufufua. Unamlinda mwanamke wa miaka 65 ambaye bado sijawa. Anayelipa ni huyu wa leo, anayekimbia. Na ukisubiri mpaka yule mwanamke aumwe kweli, atapasuliwa akiwa na mifupa dhaifu na moyo wa kizee, na hatari kwa mtu mzima huongezeka kadiri umri unavyosogea. Hakuna kati yetu anayeweza kuusema mgongo utakavyofanya. Kwa hiyo swali la "nipasuliwe au nisipasuliwe" nililiacha. Nikauliza: ni jambo gani likitokea, mimi na daktari tutasema sasa?

Kabla sijafika kwenye jibu, niseme upasuaji wenyewe ulivyo, kwa sababu kaka yangu na hofu yake ya kupooza anastahili jibu la heshima.

Unalazwa kifudifudi kwa nusu kaputi, saa nyingi. Misuli inasogezwa kando. Skrubu zinaingizwa kwenye pingili moja moja pande zote mbili, fimbo mbili zinapitishwa juu yake, na mpindo unarudishwa taratibu kadiri uti utakavyoruhusu. Hauwi rula. Kisha viungio vinakwanguliwa na vipande vya mfupa, mara nyingi vya mgonjwa mwenyewe, vinatandazwa ili pingili zote za eneo hilo ziote kuwa mfupa mmoja. Daktari alisisitiza: vyuma vinashikilia tu, kazi inafanywa na mfupa. Kuungana huko huchukua miezi 6 hadi mwaka au zaidi, na mfupa usipoungana, chuma hatimaye huchoka kikakatika. Hii ndiyo sababu wapasuaji hawataki mvutaji sigara. Nikotini inazuia mfupa kuota.

Njia hii ina historia. Paul Harrington wa Houston, Texas, alianza kuweka fimbo za chuma kwa watoto ambao polio iliwapinda migongo, akachapisha kazi yake mwaka 1962. Mwaka 1973 madaktari wa Ufaransa walieleza namna ya kuhakikisha mgonjwa hajapooza: wanampunguzia usingizi katikati ya upasuaji, wanamwambia achezeshe miguu, akiichezesha wanamrudisha usingizini na kuendelea. Siku hizi kuna mashine inayopitisha umeme mdogo kwenye mishipa ya fahamu muda wote, na ishara ikishuka wanasimama wanalegeza. Kupooza kupo kwenye orodha ya hatari, lakini ni nadra. Yanayotokea zaidi kwa watu wazima ni maambukizi ya kidonda, mfupa kutoungana, chuma kukatika, na pingili za chini ya vyuma kuchakaa kwa sababu zimebeba kazi ya wenzake, mpaka mtu anarudi kupasuliwa tena. Nilimpelekea kaka maelezo haya yote. Alisoma akasema, "Basi muulize kama mashine hiyo wanayo." Nilikuwa nimeshauliza. Ni swali la kuuliza popote utakapopasuliwa, hapa au ng'ambo, pamoja na: ni migongo ya watu wazima mingapi kama huu umefanya mwenyewe? Daktari mzuri hakasiriki.

Swali langu kubwa lilikuwa mbio. Jibu lake lilinifundisha kusoma picha yangu. Kwangu mimi angeunganisha kuanzia pingili ya 4 ya kifua hadi ya 1 ya kiuno. Pingili za kifua zimefungwa na mbavu na hazipindi sana hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo kuziunganisha hakuchukui mwendo mwingi. Tunainama na kujigeuza zaidi kwa kiuno na nyonga. Angelazimika kushuka hadi pingili ya 4 ya kiuno, hesabu ingekuwa nyingine kabisa: ningejifunga viatu kwa nyonga peke yake, na pingili chache zilizobaki chini zingelemewa. Kwa hiyo mtu akikwambia "fulani alipasuliwa na anacheza mpira", muulize aliunganishwa wapi mpaka wapi. Kwa muunganiko kama wangu, kutembea huanza siku chache baada ya upasuaji, na kukimbia hurudi baada ya miezi, mfupa ukionekana umeshika.

Kwenye klabu kila mtu ananitajia Usain Bolt. Ni kweli, Bolt aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009 amesema mwenyewe kwamba ana skoliosisi, na alijenga misuli ya kiuno kwa bidii ili mgongo usimvunje. Jina lake lilinitia nguvu siku za mwanzo. Ila halinijibu, maana mpindo wake si wangu na umri wake wakati ule haukuwa wangu. Mfano huo tumpe msichana anayeona aibu kuvaa nguo ya michezo. Tusimpe mtu anayeamua kuhusu upasuaji.

Nimebadilisha mambo kadhaa. Zamani nilipenda kukimbia Coco Beach kwenye mchanga; mchanga wa ufukweni una mteremko, mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine njia nzima, na mgongo wangu ulikuwa unalipa. Sasa nakimbia njia ya waenda kwa miguu pale darajani, tambarare. Kilomita nimepunguza, kuogelea nimeongeza. Mtaalamu wa fiziotherapia ananifundisha mazoezi yanayotokana na kazi ya Katharina Schroth, Mjerumani aliyekuwa na skoliosisi mwenyewe na aliyeanza kuwafundisha wengine mwaka 1921: unajirefusha mbele ya kioo, unaelekeza pumzi kwenye upande uliobonyea, unashikilia. Hakuniahidi kwamba yataninyoosha, na simlaumu, kwa sababu mfupa wa mtu mzima haunyooshwi na mazoezi. Lakini ule uchungu wa chini ya bapa la bega umepungua sana, na nikipita mbele ya kioo cha duka Kariakoo najiona nimesimama. Kwa mkandaji wa Bagamoyo sikwenda. Namheshimu shangazi, nikamwambia hivyo ana kwa ana: uti uliojisokota hausukumwi kwa mikono, na mtu anayeusukuma kwa nguvu anaweza kuumiza.

Upande wa fedha sitauzungusha. Bima ya kazini ilinijibu kwa simu kwamba "upasuaji unalipiwa". Nikaomba kwa maandishi, na nikauliza vyuma peke yake. Jibu la maandishi likaja tofauti: upasuaji ndiyo, vyuma kwa kiwango fulani, na kilichozidi juu yangu. Vyuma ni sehemu kubwa ya gharama. Uliza hivyo kabla hujapanga tarehe. Nimeanza kuweka fedha kwenye kikoba chetu cha wanawake, na ndugu wanajua kwamba siku ikifika watahitajika kuchangia damu, maana upasuaji huu hula damu. Mjomba, yeye wa India, amesema atakuwa wa kwanza kulala kitandani kutoa.

Na jibu la lile swali ni hili, liko kwenye faili langu kwa mwandiko wa daktari. Picha ya kusimama kila mwaka, mashine ileile. Tukiona ongezeko linalozidi makosa ya upimaji, yaani zaidi ya nyuzi 5, na likathibitika kwenye picha inayofuata, tunapasua nikiwa bado na nguvu. Pumzi ikishuka kwenye mashine ya mapafu, tunapasua. Miguu ikifa ganzi, ikikosa nguvu, au haja ikinishinda kuizuia, sisubiri kliniki, nakwenda siku hiyohiyo. Yasipotokea hayo, naendelea. Mume wangu amepiga picha ukurasa ule kwa simu yake. Nalala usingizi. Hofu ipo, lakini sasa ina masharti yake, haitembei nyumba nzima.

Kuna jambo lililotokea katikati ya haya yote ambalo kwangu limezidi uzito mgongo wangu mwenyewe. Daktari aliniambia kwamba skoliosisi hutembea kwenye familia, akauliza kama kuna wasichana wadogo. Nikaenda kwa dada yangu Tabata. Binti yake ana miaka 12. Nikamwambia avue shati abaki na singlendi, asimame, ainame mikono ikining'inia. Upande wa kulia ulipanda. Dada alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko kwenye sufuria akaja kutazama.

Picha yake ilitoka nyuzi 28, na mifupa bado inakua. Hapo ndipo dirisha lilipo, lile ambalo kwangu lilifungwa bila mtu kujua kama lilikuwepo. Mtoto anayekua mwenye mpindo wa kama 25 hadi 40 anaweza kuvaa mkanda wa plastiki unaofinyangwa kwa umbo lake. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, na kati ya ambao hawakuvaa, asilimia 48. Na kadiri mtoto alivyovaa saa nyingi ndivyo alivyofaulu. Walitakiwa kuvaa saa 18 kwa siku.

Saa 18 kwa siku kwenye joto la Dar mwezi wa Februari. Sitaki mtu mzima yeyote amwambie mtoto kwamba hiyo ni kazi ndogo. Tumejifunza kwamba singlendi ya pamba ivaliwe ndani, isiwe na mshono ubavuni, na ziwepo za kubadilisha. Kwamba ngozi ioshwe na ikaushwe vizuri, isipakwe mafuta chini ya mkanda maana hulainika na kuchubuka. Kwamba feni ya chumbani kwake ndiyo ya mwisho kuuzwa ndani ya nyumba ile. Mwalimu mkuu aliandikiwa barua ili mtoto asilazimishwe kuchomekea shati na aruhusiwe kuvua mkanda wakati wa mpira wa pete. Wiki za kwanza alilia usiku. Dada alinipigia simu akasema amwachie tu mtoto apumzike. Nikaenda, nikavua blauzi mbele ya binti nikamwonyesha mgongo wangu, nikamwacha aushike. Akauliza, "Mama mdogo, na wewe ulikataa mkanda?" Nikamwambia mimi hakuna aliyeniinamisha.

Picha aliyopigwa akiwa ndani ya mkanda imeonyesha nyuzi 16. Daktari amesema hiyo ni dalili njema, na kwamba atauvaa mpaka mifupa ikomae, huenda miaka 2 au zaidi. Ameanza kuweka saa zake mwenyewe kwenye daftari la hesabu. Mimi picha yangu ya mwaka ni mwezi wa sita, naye ya kwake ni mwezi huohuo, kwa hiyo dada ameomba tupangiwe kliniki siku moja.